Mate ya Tarumbeta

Juzi, kwenye harusi Kimara, mpiga tarumbeta aliliinamisha tarumbeta lake akamwaga mate juu ya vigae. Wageni walimshangilia. Mie nilisukuma sahani ya pilau kando.

Nilikumbuka utoto wangu uani kwetu Keko, harufu ya gundi ya maseremala, na Mjomba Anselmi wa bendi ya kiwanda akijifua kwa tarumbeta lake kupokea viongozi. Sauti ilikuwa nyororo, ya kung'aa. Niliamini imehifadhiwa mle ndani kama samli kwenye kopo.

"Mjomba, na mie!"

"Haya mama, puliza." Hata kulifuta hakulifuta.

Pale pa kuweka mdomo palikuwa pa vuguvugu, panateleza, pananuka sigara na dagaa. Nilipuliza, ikatoka hewa tupu. Nilipovuta pumzi tena, mate yake yakateleza hadi ulimini mwangu.

Mjomba alicheka. "Sauti haimo humo. Imo mdomoni mwangu."

Leo najua midomo ndiyo hutetemeka, na bomba huipa sauti mng'aro wake. Siku ile nilijua kitu kimoja tu kilichotoka mdomoni mwa Mjomba. Na sauti ile niliitaka mno.

Nikameza.