Mama Anataka Picha ya Mazishi

Baba alipofariki, picha ya kijitabu chake cha mazishi ilikatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya watu. Begani mwake ukabaki mkono wa mtu tusiyemjua. Mama aliuona ule mkono pale kanisani, akangoja mpaka tukamaliza kuzika. Kisha akatuita sisi watoto wake wawili, mimi na kaka yangu mkubwa. "Mimi sitaki kukatwa kutoka kwa watu," akasema. "Nitafutieni mpiga picha nikiwa bado niko na nguvu."

Kaka hakutaka kusikia. Kwetu Masii, kutaja maziko ya mzazi aliye hai ni kukifungulia kifo lango. Mwaka ukapita. Mama akaanza kukonda, magauni yakawa yanamning'inia, na kila nikienda kumwona swali ni lile lile: "Mpiga picha wangu yuko wapi?" Nikamwandama kaka mpaka akakubali. Lakini aliyepiga simu ni yeye, na alichomwambia dada mmoja mpiga picha ni kwamba kuna besidei.

Besidei! Mama mwenyewe hajui alizaliwa mwezi gani. Anajua tu kwamba kulikuwa na njaa.

Dada wa watu akaja kutoka Machakos mjini na baluni, kitambaa cha manjano cha kutundika ukutani, na taji la karatasi. Maskini, alikuwa amejiandaa vizuri kweli. Akamvisha mama lile taji juu ya kitambaa chake cha kichwa cha Jumapili. "Haya Mama, tupulizie busu! Cheka kidogo, leo ni siku yako!"

Mama, aliyekuwa ameamka alfajiri akaoga na kujipaka mafuta, akanigeukia mimi. Alidhani tumemfanyia mzaha. "Kwani mimi ni mtoto?" akauliza.

Mori ukanipanda. Kaka akaniona nikifungua mdomo, akanikanyaga mguu.

"Usinikanyage!" nikamwambia. "Mficha uchi hazai. Dada, hapa hakuna besidei. Huyu mama anataka picha ya mazishi yake mwenyewe. Umedanganywa, ukabeba mizigo yote hii bure, na si haki."

"Aiya, wewe!" kaka akasema, akashika kichwa.

Yule dada akaweka kamera mezani. Nilifikiri anaenda zake, na kusema kweli nisingemlaumu. "Mngeniambia tu," akasema. "Hii kazi naijua. Ila siwezi kuifanya kama sijui ni ya nini." Akamvua mama taji kwa mikono miwili, akavuta kigoda, akaketi karibu na magoti yake. "Pole sana, Mama. Siku hiyo, unataka watu wakuone ukiwa vipi?"

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Nikiwa nimemaliza kazi," mama akasema. "Si mgonjwa. Nimemaliza tu, nimeketi."

Basi mambo yakawa mepesi. Mapambo yakatolewa nje. Kiti cha mama kikasogezwa karibu na mlango, mahali mwanga ulipokuwa mzuri, na mimi nikaambiwa ninyamaze, jambo ambalo si rahisi kwangu. Dada akaiona mikono ya mama, ile mikono yenye mipasuko ya jembe, akamuuliza kama angependa ifunikwe na leso.

"Ionekane," mama akasema. "Si ndiyo iliwalea hawa?"

Akapigwa picha ameketi wima, mikono mapajani, hacheki wala hajanuna. Dada akamletea kamera ajione. Mama akaitazama kwa muda mrefu. Mimi roho ilikuwa juu, maana akiikataa hii sikujua tutafanya nini tena.

"Huyu," mama akasema, "hata mimi ningemlilia."

Kaka akatoka nje mbio. Tukamsikia nyuma ya ghala akilia kwa sauti, mtu mzima mwenye wajukuu.

Mama akageuza shingo kuelekea mlangoni. "Wewe! Rudi hapa, bado niko! Kuja upigwe picha na mama yako. Na upanguse hiyo kamasi kwanza."