Mama Amekifunika Kibao cha Bustanini

Leo mama yangu amegombana na kibao, na mpaka sasa najilaumu.

Nilimtoa kijijini kwetu Maguu nimtembeze kwenye bustani ya mimea kule mlimani. Tukafika kwenye mti mmoja, nikamsomea kibao chake: majani haya ni dawa ya tumbo.

Mama akashtuka. "Mti huu ni sumu! Mdogo wangu alikunywa maji ya majani yake, kesho yake tukamzika."

Mwongoza wageni wa bustani, aliyekuwa nasi, akatabasamu. "Mama, hayo wameandika wataalamu."

Mimi, mwalimu mzima, nikanyamaza. Jamani, nilinyamaza!

Mama akavua kitenge chake, akakifunga juu ya kibao, akakaza fundo. "Mwambie huyo mtaalamu aje Maguu nimwonyeshe kaburi."

Mwongoza wageni hakuthubutu kukifungua.

Angekuwa mama yenu, mngesema nini pale?