Mbwa wa Theluji Waliohamia Al Thumama

Niliajiriwa Doha, mtaa wa Al Thumama, kama dereva. Kazi yangu ilikuwa kupeleka watoto shule, kumpeleka Madam madukani Abu Hamour, kisha kukaa garini na kusubiri, jambo nililolifanya kwa ustadi mkubwa. Halafu Baba, maana hivyo ndivyo tulivyomwita mwenye nyumba, akaenda kutalii kaskazini kabisa mwa dunia. Huko alipandishwa kwenye sleji, kile kigari kisicho na magurudumu kinachovutwa na mbwa juu ya theluji, na akafurahi mno. Mtu mwingine akifurahishwa na safari hununua kofia. Baba alinunua mbwa wanne.

Walifika mwezi wa Juni, wakati mwafaka kabisa wa kumleta Doha mnyama aliyevaa manyoya tabaka mbili. Mama mzazi wa Baba akasema mbwa hawatakanyaga ndani ya jumba, watu wanaswali humo. Dada Mganda aliyekuwa akitupikia, naye Mwislamu, akasema hata bakuli lao hataligusa. Wote wakanigeukia mimi.

"Wewe ni Mkristo," Baba akasema. "Na uliniambia kwenu kuna baridi."

"Nyahururu kuna baridi, Baba. Lakini ni baridi ya sweta tu."

"Khalas, yamekwisha. Basi mtaelewana."

Hivyo ndivyo nilivyopandishwa cheo kuwa mtaalamu wa mbwa wa theluji.

Mbwa walipewa chumba uani, kando ya changu, na kiyoyozi kipya. Kiyoyozi changu kilikuwa kikikohoa na kutema maji kwenye godoro, na nilikuwa nimeomba fundi tangu Ramadhani. Siku moja ya Agosti, kiyoyozi cha mbwa kikazima. Fundi alifika kabla sijamaliza chai yangu. Akasema kifaa kinachohitajika kitapatikana kesho yake. Nilipomwomba atupie jicho na chumba changu, akaniambia kwa upole kwamba hajaagizwa. Nikampigia Baba simu.

"Wahamishie kwako," akasema. "Si una kiyoyozi?"

"Ninacho, Baba, ila kinatema maji."

"Kinatema maji? Na mbwa watalala wapi? Kwa nini hukuniambia?"

Mchana huohuo kiyoyozi changu kikatengenezwa. Nililala kwenye ubaridi kwa hisani ya wageni wangu, wanne sakafuni na mimi kitandani. Waliporudishwa chumbani kwao, jike mmoja, mwenye jicho moja la buluu na jingine la kahawia, alikataa. Alikwaruza mlango wangu mpaka nikamfungulia. Tangu siku hiyo akawa analala miguuni pangu, na mimi nikawa nazungumza naye Kiswahili, kwa kuwa nyumba nzima ni yeye tu aliyenisikiliza hadi mwisho wa sentensi.

Joto lilipopungua, watu wa Doha wakaanza kupiga kambi jangwani, nasi tukaenda. Baba alikuwa ameagiza sleji ya magurudumu. Nilikuwa nimewafundisha mbwa neno "twende," wakalishika siku ileile. Neno "simama" walilichukulia kama ushauri.

"Baba, kusimama bado," nikamwambia, huku wageni wake wakiwa wameshainua simu kupiga video.

"Watachoka wenyewe," akajibu, akapanda na koti lake zito.

Hawakuchoka. Kambi ya jirani walikuwa wakichoma kondoo, na mbwa walishapata harufu yake. Waliruka kama waliotumwa, wakapanda tuta la mchanga, wakapotea upande wa pili. Nilikimbia nyuma yao. Nikamkuta Baba ameketi mchangani, hana hata jeraha, ila kiatu kimoja hakionekani.

"Si nilikuambia uwafundishe kusimama?"

"Niliwafundisha, Baba. Hawajakubali."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi. Majirani walituletea mbwa pamoja na birika la kahawa, wakasema kondoo aliyeliwa na mbwa asingewatosha wao hata hivyo. Ilikuwa jioni nzuri. Mbwa walilala nje kwenye upepo wa baridi, wametulia kuliko nilivyowahi kuwaona, na Baba akawatazama.

"Wana raha hapa?" akaniuliza.

"Majira haya wana raha, Baba. Mengine yote wanasubiri."

Mimi sikuulizwa kama nina raha, lakini kila jambo lina utaratibu wake.

Kabla joto halijarudi, Baba aliamua kuwarejesha kwa mfugaji wao wa kule kaskazini. Niliwapeleka mwenyewe uwanja wa ndege. Watatu waliingia kwenye vizimba vyao bila neno. Jike wangu alijilaza chini akagoma, mpaka nikatambaa kizimbani nusu mwili nikimbembeleza, ndipo akanifuata. Nikatoka kinyumenyume, mfanyakazi wa mizigo akafunga.

"Wewe husafiri nao?" akaniuliza, akitabasamu.

Nikageuka nikarudi garini.

Ijumaa hiyo, baada ya ibada kanisani kule Mesaimeer, nesi mmoja wa kwetu aliniona nimenyamaza, akauliza kulikoni. Nikamwambia mbwa wamerudi nyumbani.

"Na wewe unarudi lini?"

"Mkataba wao ulikuwa mzuri kuliko wangu."

Akacheka. Kisha akaona mimi sicheki, akanivutia kiti, akanimiminia chai.