Msiba wa Mzee Mhina na Meneja Mgeni

Mwanangu, nakumbuka Jumatatu moja katika shamba la mkonge karibu na Mashewa, nilipotafsiri kila neno sawasawa na bado nikawaharibia watu kazi. Nakueleza kwa sababu umenichosha. Kampuni yenu imenunuliwa na wageni, na kila ukija hapa ni kuwacheka tu.

Enzi za Mwingereza, shamba letu lilikuwa la Mgiriki mmoja. Alikuwa mkali, mdomo mchafu, lakini kukiwa na msiba alisimamisha mashine akaja kukaa nasi mkekani. Kisha akaliuza kwa kampuni ya Uingereza, wakamleta meneja kijana. Mimi, kwa Kiingereza changu cha darasani, nikawa mkalimani. Nilivyojiona!

Jumatatu hiyo Mzee Mhina, fundi wa mashine ya kusaga mkonge, alifiwa na mkewe. Wafanyakazi wakaomba kwenda kuzika. Meneja akasema, "Kwetu huenda ndugu wa marehemu tu. Wengine wafanye kazi."

Nikatafsiri hivyo hivyo, kwa sauti kubwa. Sikumwambia meneja kwamba hapa kwetu hilo ni tusi. Nilitaka anione mstaarabu, mjinga mimi.

Wakaenda wote. Jumanne hawakurudi, wala Jumatano. Majani yaliyokwisha kukatwa yakakauka juani, hayafai tena. Meneja akanigeukia, uso mwekundu.

"Ulijua watakasirika?"

"Nilijua, bwana."

"Sasa kazi yako hapa ni nini?"

Hapo ndipo nikamweleza desturi yetu, tukaenda msibani. Akakaa mkekani kwa taabu, hajui miguu aiweke wapi, akatoa pole. Mzee Mhina akampokea. Mimi nilipompa shikamoo, alinitazama kwanza.

"Yule mgeni, hajui," akasema. "Wewe je? Mama yako alizikwa na nani?"

Watu walirudi kazini. Mzee Mhina alihamia kwao Sindeni, akafa kabla sijamwomba radhi.

Basi hebu acha kicheko hicho! Hao wageni wanafanya kama walivyolelewa, nanyi vivyo hivyo. Wakikosea desturi zenu, waambie kwa adabu, hata kama hawajakuuliza. Wakikueleza zao, sikiliza, usinune. Ukinyamaza ili upendwe, utawakosa wote.

Mungu akupe ujasiri wa kusema na subira ya kusikia, na mkate wako uwe wa amani.