Meno ya Sungura, Kosa la Mtoto

Siku ya tatu sungura wa binti yangu alikuwa hajala kitu. Kidevu kimelowa mate, na meno mawili ya chini yamejikunja nje ya mdomo kama kucha za jogoo mzee. Mama mkwe, aliyetoka Kabambare kuja kunisaidia tangu mimba ya mtoto wa pili ilipokuwa kubwa, aliinama, akatazama, akaguna.

"Nilisema miye. Mutoto yako meno ya juu ndiyo yalitangulia kuota, na mutoto wa vile analeta mukosi. Sasa ona! Ameanza na sungura. Kesho ni nani? Huyu mudogo?"

Aliyasema mbele ya binti yangu. Mtoto wa miaka mitano! Majirani wawili waliokuja kumwona mtoto wangu mchanga wakatikisa vichwa, na mmoja akamvuta mwanawe karibu na magoti yake.

Mimi nimesoma sekondari, sehemu ya kilimo. Meno ya sungura hukua mpaka siku ya kufa. Majani magumu ndiyo yanayoyasaga. Na huyu alikuwa anakula nini? Bukari, ugali wetu. Mama mkwe alimkandia matonge laini kila mchana, eti anamhurumia. Nami, niseme ukweli, nilinyamaza, maana kwa tumbo lile kwenda kukata majani kulinichosha. Kosa lilikuwa letu, watu wazima wawili. Akabebeshwa binti yangu.

Nikamfunga mchanga mgongoni, sungura nikamtia kikapuni, binti nikamshika mkono, tukaenda kwa muganga wa nyama, yule daktari wa mifugo nyuma ya soko. Akacheka.

"Mama, sungura naye analetwa kwa dokta? Huyu iko tayari kwa sufuria!" Akachukua koleo.

"Weka chini, Dokta. Ukikata na koleo, jino litapasuka mpaka ndani ya ufizi. Uko na kile kimsumeno cha kukatia ampule, vichupa vya dawa ya sindano?"

"Iko. Lakini tutakaa hapa mpaka jua lizame."

"Basi tukae."

Nilimviringisha sungura katika kitenge, nikamshika kichwa. Muganga akayasaga meno polepole, akinung'unika kwamba alisomea mbuzi, si panya wa masikio marefu. Alipomaliza jino la pili, binti yangu akasogea, akainua uso, akafumbua mdomo.

"Na yangu, Dokta. Ya juu."

Muganga hakucheka tena. Mimi nikamrudisha sungura kikapuni, nikainuka kwa hasira mpaka mchanga akaamka.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, pamoja na majirani walewale. Sikusalimia. Nilimweka sungura chini, nikammwagia majani, akaanza kutafuna taratibu mbele yao.

"Mama, bukari ulimpa wewe, na mimi nilikuacha umpe. Mimi nimesema langu. Sema na wewe, mbele ya hawa, kama vile ulisema lile la meno ya mtoto."

"Mama mukwe hasemeshwi hivyo!"

"Leo anasemeshwa."

Aliinuka na sombe yake, akaingia ndani. Kesho yake alipanda pikipiki akarudi kwao. Mume wangu alipiga simu kutoka machimboni Lusangi, akifoka kwamba nimemfukuza mama yake. Nikamjibu ndiyo, nimemfukuza.

Sungura anakula sasa, ingawa kila baada ya wiki chache tunamrudisha kusagwa meno. Binti yangu akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Nauondoa ule mkono. Anaurudisha.