Nusu ya Figo Yangu Imezikwa Fizi

Bajukuu yangu, munauliza kwa nini hapa mubavuni niko na kovu ndefu kama njia ya siafu. Basi musome safari yenyewe. Sikutoka nyumbani kwa ajili ya uzima yangu tu. Nilitoka juu ya Nyassa.

Nyassa alikuwa muke wa pili wa babu yenu. Hakuzaa. Babu yenu alipokufa tulibaki sisi bawili, jiko moja. Kisha mubavu yangu ya kushoto ikaanza kuvimba, na mukojo ikatoka na damu. Mukunga wa kijiji akanikanda, akasema ni mimba imelala mugongoni. Mi niko na bajukuu bane, mimba inatafuta nini mugongoni? Akanichanja na wembe, akapaka dawa. Kitu ikazidi kuwa ngumu.

Hapo shemeji yangu Wilondja, mukubwa wa ukoo, akasema mbele ya bantu bote: "Nyassa njo anamukula kwa uchawi. Huyu akikufa, ule atatoka hapa na nguo ya mwilini tu." Macho yake ilikuwa kwenye shamba ya mihogo ya Nyassa.

Nikamujibu: "Shemeji, sijakufa. Ninaenda kwa munganga wa hospitali aitoe hii kitu, nikuletee uiangalie. Nyassa atanisindikiza, anipikie."

"Unaenda na ule anakuroga?"

"Ndiyo. Akiniroga aniroge karibu, asichoke miguu."

Asubuhi tulifika dispanseri ya Fizi. Infirmiye, musaidizi wa munganga, akaniminya na mikono mbili, moja tumboni, moja mugongoni. "Mama, hapa hakuna mutoto. Ni figo." Akaandika barua kwa hospitali kubwa ya Albertville, kule kusini ya ziwa. Tukapanda kamio, lori ya pamba, juu ya magunia, mpaka Baraka, pwani ya ziwa.

Baraka, pale bamama banauzisha samaki, habari ilikuwa imetutangulia. "Usiende," mumoja akaniambia. "Kule bazungu banakula bantu, banabatia mu kopo."

"Mi ni mifupa na ubishi. Batavunjika meno."

Siku ya pili, bato, meli ya ziwa, ikaondoka. Kutoka Baraka kwenda kusini, unaanza kwenda kaskazini, uzunguke kichwa ya Ubwari, ile inchi inaingia mu ziwa, njo urudi kusini. Upepo ilitupiga kule. Nilitapika, na damu ikatoka tena. Nyassa alishika beseni bila kugeuza uso.

Kazimia, bato ilisimama kupakia samaki ya kukauka. Nyassa akapika bugali pwani. Muntu wa ukoo yetu akatusogelea, akaninong'oneza: "Dada, usikule ya mukono yake." Nikamega tonge kwenye sahani ya Nyassa, nikameza mbele yake. "Kaka, inapunguka chumvi tu."

Albertville, munganga alikuwa muzungu wa masikio mekundu. Infirmiye mumoja, mutoto wa kwetu, wa kijiji ya Nundu, alinigeuzia maneno yake kwa Kibembe, luga yetu. Banichoma maji mu mushipa ya mukono, kinywa ikawa na ladha ya chuma, banilaza kwenye meza ya baridi, banipiga picha ya ndani. Figo ya kuume ilikuwa imekaa vizuri. Ya kushoto ilisukumwa pembeni na kitu imeota juu yake.

"Inaweza kuwa ya kuua," munganga akasema. "Inaweza kuwa ya kukaa tu. Picha haisemi. Tutoe figo yote, tuikate, tuiangalie na mashini ya kukuza."

"Nitabaki na ngapi?"

"Moja."

"Mi na Nyassa tuligawana bwana moja miaka yote. Figo moja itanitosha. Lakini ile mutatoa ninarudi nayo."

Akakataa. Nikakaa chini mulangoni, sikupanda kitanda. Mutoto wa Nundu akanisihi: "Mama, utakufa."

"Nikikufa huku, ao nikirudi mikono mitupu, huyu mama anafukuzwa. Mugeuzie hiyo."

Akageuza. Munganga akamuangalia Nyassa na beseni yake, kisha akakubali. "Nusu yangu, nusu yake."

Banipasua. Niliamka na mubavu ya moto. Nyassa alikuwa pale, ananilowesha midomo. Siku mingi zikapita, halafu munganga akakuja na chupa. Ndani, nusu ya figo, na juu yake kitu ya manjano kama mafuta ya kuku, na nyuzi nyekundu.

"Ni mafuta na mishipa ya damu," akasema. "Haina mizizi ya kwenda mahali pengine. Imekwisha."

Nyumbani, niliita ukoo, nikaweka chupa juu ya mukeka. "Shemeji, shika."

Wilondja akarudi nyuma. "Mulozi anaweza kutengeneza hata hiyo."

"Basi twende wote Albertville bakupasue, tuone ya kwako nani aliitengeneza."

Bantu bakacheka. Yeye akaokota fimbo yake, akaenda.

Nilichojifunza: ugonjwa iko na mwili yake, inashikika, inaonekana, inatoka. Mwenye kuvimba aende bamuangalie, asitafute jirani wa kumunyooshea kidole.

Siku ile ile nilichukua jembe, nikazika ile kitu ya mu chupa katikati ya shamba ya Nyassa. Kwetu tunazika kitovu ya mutoto, na pale imezikwa hakuna wa kumufukuza mama yake. Nyassa hakuwa na kitovu ya mutoto hapa. Sasa iko na figo. Anayetaka ile shamba, aanze kunichimbua mimi.