Jina la Aproni

Jina langu la ukoo ni la kijiji kimoja cha Uingereza. Sitaliandika hapa, limeshaandikwa mahali pa kutosha. Nimesoma habari zake kwenye simu. Wanasema zamani huko kwao mtu akihama, wenyeji wapya walimwita kwa jina la kijiji alikotoka, na watoto wake wakabaki nalo. La kwetu maana yake ni zizi la kondoo kando ya mto. Nyumbani kwetu Buhongwa hakuna mto wala zizi, kuna banda la kuku.

Nikiwa na miaka ishirini na sita nilichumbiwa na mwanamume mwenye jina hilo hilo. Alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa Ukerewe, amepanga Mkolani. Siku tuliyogundua tulicheka hadi tukashika mbavu, akasema angalau sitasumbuka kubadilisha kitambulisho. Posa ilipoletwa, baba yangu aliipokea mwenyewe, akanywa soda na wageni, akawasindikiza mpaka barabarani.

Kisha ikaja Jumapili ya kwanza ya matangazo ya ndoa. Katekista akasoma jina lake, akasoma langu, na kanisa zima likageuka kututazama. Baada ya misa wazee wa kanisa walimzunguka baba pale nje. Walitaka kujua inakuwaje watu wawili wa jina kama lile, ambalo hakuna mwingine analo kanda hii, waoane. Mimi nilisimama hatua tatu kutoka kwake nikingoja awajibu tu tuondoke. Baba akatazama viatu vyake.

“Ni ndugu,” akasema. “Babu zao ni tumbo moja.”

Walipomuuliza mbona posa aliipokea, akasema amelijua juzi. Walipomuuliza Ukerewe na Usukuma wapi na wapi, akasema mmoja wa wale ndugu alivuka ziwa akaoa huko. Alikuwa na jibu la kila kitu. Baba mkwe wangu mtarajiwa alikuwa amekwisha kufariki, na wajomba walichojua ni kwamba babu yao alifanya kazi kwa mzungu wa kiwanda cha pamba. Wetu pia alifanya kazi kwa mzungu huyo huyo, karani, ndivyo baba alivyotuambia tangu utotoni. Wazee wakasema basi, ushahidi ndio huo. Ndoa ikafutwa.

Nililia, halafu nikaona aibu kwa kulia, maana nilikuwa namlilia ndugu yangu. Watu waliniambia nishukuru Mungu kwa kuokolewa mapema. Nilishukuru kweli, kwa magoti. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Yeye aliomba uhamisho kwenda Bukoba, akaoa, ana watoto watatu. Mimi nina cherehani na wateja wangu, na sikuolewa.

Mwaka jana nilivuka kwenda Sengerema kumuuguza shangazi, dada mkubwa wa baba. Asubuhi moja nilikuwa namenya viazi karibu na kitanda chake, akaniangalia mikono, akacheka. Akasema ninamenya kama baba yake. Nikasema babu alikuwa karani, viazi alivijulia wapi? Shangazi akashangaa hasa. Akasema karani gani, babu yako alikuwa mpishi wa mzungu wa pamba, tena mpishi wa tatu.

Akanieleza bila haraka. Yule mzungu hakutaka kujisumbua kujifunza jina jipya kila alipobadilisha mpishi. Aliyevaa aproni ya jikoni aliitwa kwa jina la kijiji alikozaliwa bwana mwenyewe. Wa kwanza aliitwa hivyo, akafa. Wa pili, Mkerewe mmoja, akavaa aproni akaitwa hivyo, na huyo ndiye aliyemfundisha babu kuoka mkate. Alipofukuzwa, babu akapewa aproni na jina lake. Mzungu alipoondoka, jina lilikuwa limeshaandikwa kwenye barua zao za kazi, na watoto wakaandikishwa nalo shuleni.

Kisu kilikuwa bado mkononi. Nikamuuliza kama baba anayajua haya.

“Anayajua sana. Ila yeye tangu akiwa shule aliwaambia wenzake baba yake karani.”

Nilirudi Buhongwa siku iliyofuata. Baba alikuwa kibarazani na redio yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikazima redio. Nikamwambia shangazi amenieleza habari za aproni. Sikupaza sauti. Akaishusha antena ya redio taratibu.

“Mama,” akasema, “ningewaambiaje wale wazee, mbele ya kanisa lote?”

Sentensi moja tu ingetosha: jina hili ni la aproni ya jikoni, si la damu. Alikuwa na sentensi moja ya kweli na moja ya uongo, akapima aibu yake na maisha yangu. Nikamtaka tuongozane parokiani akaseme mbele yao hao hao. Akasema miguu inamuuma. Akaniomba nisiwaambie kaka zangu. Miguu hiyo hiyo jioni ilimfikisha dukani kununua betri.

Nikaenda peke yangu. Katekista ni yule yule, amezeeka. Akafungua kitabu cha matangazo, na pale kwenye majina yetu palikuwa na mstari mwekundu na neno moja: ndugu. Nikamwambia alifute. Akasema kwa upole mwenzangu ameshaoa, litasaidia nini? Nikamjibu kwamba mimi sikuwahi kuchumbiwa na ndugu yangu, na nataka kitabu kiseme hivyo. Akaniangalia, akachukua kalamu, akaandika pembeni maelezo niliyompa, kuanzia kwa mzungu na jiko lake mpaka kwa baba yangu. Kisha akanigeuzia kitabu, akaonyesha pa kuweka sahihi, akasisitiza niandike jina kamili.

Nikaandika. Kwa jina la aproni, maana sina lingine.